Nani Aliipiga Kigoma?

Nina ugonjwa mmoja ambao rafiki zangu wameshauzoea: napenda ndege za kivita za zamani. Siyo hizi za kisasa ambazo ukisikia mlio zenyewe zimeshapita. Nazungumzia zile za mwanzo kabisa, za mbao na kitambaa, zenye bawa la juu na bawa la chini kama nyumba ya ghorofa, na waya zimekazwa katikati kama kamba za kitanda.

Utotoni, Shinyanga, tulikuwa tunaziunda kwa mabua ya mtama. Unamenya bua, nyama yake laini inakuwa mwili wa ndege, maganda yanakuwa misumari. Tuligundua wenyewe kwamba bawa moja refu linavunjika upesi, lakini mawili yakiunganishwa kwa vijiti yanavumilia hata ndege ikigonga ukuta. Ukubwani nikasoma kwamba wahandisi wa miaka ya 1910 walikuwa na sababu hiyohiyo: mabawa mawili yakifungwa pamoja kwa nguzo na waya yanakuwa mepesi na imara. Nikajiona na mimi mhandisi.

Kwa hiyo siku nilipojua kwamba ndege za namna ile ziliwahi kuruka juu ya Ziwa Tanganyika na kudondosha mabomu Kigoma, nilifurahi kama mtoto. Nikamsimulia kila niliyekutana naye. Furaha hiyo ndiyo ninayotaka kuihoji leo, kwa sababu baadaye mama mmoja wa Geita alinipigia simu akaiharibu, bila hata kujua kwamba kuna kitu kinaitwa Short 827.

Kwa wasioijua habari yenyewe, ni hivi. Mwaka 1916 Ubelgiji ilikuwa nchi ndogo iliyobanwa pabaya. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1914, na jeshi lake la anga lilikuwa dogo na changa. Lakini Ubelgiji ilikuwa na Kongo, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwepo koloni ya Wajerumani, yaani sisi. Ziwani ilitamba meli moja kubwa, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Wengi wenu mnaijua kwa jina lake la leo: MV Liemba.

Waingereza wakawaazima Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827. Ndege hii haikuwa na magurudumu, ilikuwa na maboya ili itue majini. Injini moja ya Sunbeam yenye nguvu za farasi 150, watu wawili ndani, mabawa yenye upana wa mita 16 hivi, mwendo usiofika kilomita 100 kwa saa. Leo basi la Mwanza kwenda Dar lingeipita. Zilipakiwa kwenye makasha, zikafika Kongo kwa meli, zikapandishwa mto na reli, mto na reli, hadi Kalemie, enzi hizo ikiitwa Albertville. Kambi yao ikawekwa Tungwe, mahali penye maji yaliyotulia upande wa Kongo.

Tarehe 10 Juni 1916, rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa wakaipiga Kigoma kwa mabomu, shabaha yao ikiwa Götzen. Yalifuata mashambulizi mengine. Wabelgiji waliamini wameitia meli adabu. Kumbe mzinga mkubwa uliokuwa ukiwatisha, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoishia Rufiji, Wajerumani walikuwa wameshauondoa kwenda kuutumia nchi kavu, na mahali pake wakaweka mzinga wa bandia wa mbao. Na meli haikuzamishwa na bomu. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, mitambo wakiwa wameipaka grisi, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Ndege ya mbao iliwinda mzinga wa mbao. Mpenzi wa fasihi atapata wapi hadithi tamu kuliko hiyo?

Nilikuwa nikiisimulia hivyo kwa miaka. Sentensi yangu ya kufungulia ilikuwa hii: "Mwaka 1916 Behaeghe aliipiga Kigoma."

Sasa njoo Geita.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya duara lililoporomoka mkoani humo. Duara, kwa wasiojua lugha ya machimbo, ni shimo la mchimbaji mdogo: linashuka wima mita nyingi, kuta zimeshikiliwa kwa magogo tunayoyaita matimba, mawe yanapanda juu ndani ya mifuko. Lile lilikuwa limefungwa na wakaguzi kwa sababu ya ubovu. Usiku mmoja vijana waliingia. Mvua ilikuwa imenyesha, matimba yakaachia. Watatu hawakutoka.

Niliandika haraka, kama tunavyoandika siku zote. Nilimtaja mwenye duara kwa jina lake na la baba yake, pamoja na maelezo yake kwamba hakuwatuma. Nilimtaja kiongozi aliyefika eneo la tukio. Wale vijana niliwaandika "wachimbaji watatu". Majina yao nilikuwa nayo kwenye daftari.

Baada ya siku mbili ikaingia simu. Sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Kisukuma.

"Wewe ndiye mwandishi wa ile habari ya duara?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimesomewa. Mwenye duara umemwandika jina na baba yake. Mwanangu umemwandika namba."

Nikampa pole. Nikamweleza sababu zangu, na niliziamini kweli: duara lilikuwa limefungwa, kwa hiyo ningeandika jina la kijana wake watu wangesema alikuwa mwizi wa mawe. Nilikuwa nalinda heshima yake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Kwani aliiba?"

"Sijui mama. Wengine wanasema aliitwa tu kubeba mifuko, analipwa kwa mfuko."

"Basi andika kwamba hujui. Lakini jina lake unalijua."

Hakupandisha sauti. Akaniaga vizuri, akakata. Na mimi nikabaki na simu mkononi, na ajabu ni kwamba nilichokumbuka dakika ile ni Kigoma.

Hebu tuirudie ile sentensi. Behaeghe aliipiga Kigoma. Kiswahili kina tabia nzuri ya kumfichua mtendaji mapema: kile kiambishi cha mwanzo, a- au wa-, kinakuambia ni mmoja au ni wengi kabla hujafika kwenye tendo. Mimi nilichagua a-. Je, ni kweli alikuwa mmoja?

Rubani huyo alifikaje juu ya Kigoma? Makasha ya ndege yalishushwa na kupandishwa kila mto ulipoishia kwenye maporomoko na reli ikaanza, na tena reli ilipoishia na mto ukaanza. Na wakati ndege nne zikiruka, jeshi la nchi kavu la Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur lilikuwa linatembea kwa miguu kutoka mpakani hadi Tabora, risasi, chakula na mizinga vikiwa juu ya vichwa vya watu. Upande wa Wabelgiji peke yao wapagazi walizidi 200,000. Upande wetu wa kaskazini, kikosi cha Waingereza cha Brigedia Crewe kiliitwaa Mwanza Julai 1916 kisha kikashuka kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, na chenyewe hakikwenda kwa mabawa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Watu wetu, Wasukuma na Wanyamwezi, walikuwa na sifa ya kubeba tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na sifa hiyo ikawaponza.

Tabora ilipoanguka tarehe 19 Septemba 1916, Tombeur akawa shujaa. Baada ya vita akapewa cheo cha ubaroni, na jina lake likaongezwa neno moja: Tombeur de Tabora. Fikirieni hilo, wasomaji. Jenerali alichukua mji wetu mzima akaufanya jina la ukoo. Waliombebea hawakuachiwa hata majina waliyopewa na mama zao. Kilichobaki mjini Dar es Salaam ni Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, midomo yetu ikalilainisha. Na pale Posta, maandishi ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 yanawakumbuka wapagazi, lakini kwa jumla. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, walikufa wakiitumikia himaya ya Uingereza katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa.

Namba. Kama "wachimbaji watatu".

Hadi hapo makala ingeweza kuisha kwa machozi na makofi: tuwataje wapagazi, nao ni mashujaa. Lakini mimi hapo ndipo ninapokwama, na naomba tukwame pamoja.

Kwa sababu bomu ni bomu. Kigoma ilikuwa mji wenye watu, na kudondosha vitu vya kulipuka juu ya bandari siyo jambo la kupigiwa vigelegele. Nikibadilisha a- kuwa wa-, nikasema "waliipiga Kigoma" na ndani ya wa- hiyo nikamweka mpagazi wa Maniema aliyeinua kasha la injini, nimempa nini hasa? Nimempa sehemu ya sifa, sawa. Lakini mkono wa pili nimempa sehemu ya damu. Huwezi kumgawia mtu utukufu wa tendo ukamnyima lawama yake. Vinakuja kwenye mfuko mmoja. Hii ndiyo hoja niliyokuwa naitumia kwa yule kijana wa Geita bila kujua: nikimtaja nampa jina, lakini nampa na kosa. Afadhali nisimtaje.

Hoja hiyo ina sura ya huruma. Nimeigeuza kila upande, na nadhani ina ubovu mara mbili.

Ubovu wa kwanza: siitumii kwa haki. Angalieni namna tunavyosema huku machimboni. Dhahabu ikionekana tunasema "mwenye duara kapata". Duara likiporomoka tunasema "vijana waliingia bila ruhusa". Kwenye kupata tunatumia ka-, ni mmoja. Kwenye kufa ghafla ni wengi, na ruhusa yao inaanza kuulizwa. Sifa inapanda juu kama puto, lawama inashuka kama jiwe. Mwenye duara sikumficha ili kulinda heshima yake. Nilimwuliza, nikamwachia nafasi ya kujieleza. Yule aliyebeba nikamwamulia mwenyewe kwamba jina lake halitauhimili ukweli. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliona mzigo wa mama yule ni mwepesi kwa sababu haukuwa kichwani kwangu.

Ubovu wa pili: nilichanganya kushiriki na kustahili lawama. Lugha yetu haivichanganyi. Tuna "kubeba" na tuna "kubebeshwa". Nyongeza ile ndogo katikati ya neno inatunza tofauti ambayo mahakama nzima ingehitaji kurasa nyingi kuieleza. Mtu aliyechukuliwa kijijini akawekewa kasha kichwani alikuwepo katika tendo, mikono yake ilikuwepo, bila yeye lisingetokea. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Lakini kusema alikuwepo siyo kusema alitaka.

Ila nisiikimbilie sana hiyo "kubebeshwa" nikalala usingizi. Wapagazi hawakuwa mawe. Wapo waliokwenda kwa ajili ya ujira, wapo waliotoroka usiku na wengine wakafuata, wapo waliotupa mizigo porini. Aliyetoroka alifanya uamuzi. Aliyebaki pengine naye alifanya. Nikiwapaka wote rangi moja ya unyonge, nitakuwa nimewanyang'anya kitu cha mwisho walichobaki nacho, yaani kwamba walikuwa watu wanaoweza kuchagua, vizuri au vibaya. Hata kijana wa Geita. Inawezekana aliitwa. Inawezekana alilazimishwa na njaa, ambayo nayo ni bosi. Inawezekana vilevile aliona dhahabu, akaitaka, akaingia kama watu wazima wanavyoingia kwenye hatari. Mama yake hakuniambia niandike kwamba mwanawe ni malaika. Aliniambia niandike kwamba sijui.

Hapo ndipo ninapoona aliniweka darasani. Mimi nilidhani kuna njia mbili: jina safi, au kutokuwa na jina. Yeye alikuwa na ya tatu: jina, pamoja na shaka yake. Behaeghe anaipata njia hiyo bila kuomba. Alifariki kwa maradhi huko Niemba, Kongo, Desemba 1916, na vitabu vinambishania hadi leo kama mabomu yalipata shabaha au hayakupata. Kubishaniwa ni heshima. Maana yake ni kwamba uliishi kiasi cha kutosha kukosea. Asiye na jina hakosolewi wala hatetewi; anahurumiwa tu kwa mkupuo, na huruma ya mkupuo haimgharimu mtu kitu.

Basi ndege zangu nizitupe? Nilijaribu, sikuweza, na sasa sidhani kama ni lazima. Picha ya Short 827 imetulia majini bado inanikamata koo. Aliyechonga mbavu zile za bawa alikuwa fundi, na uzuri wa kazi ya fundi haufutwi na matumizi yake. Ila nimeacha kuamini kwamba kuipenda ni bure. Ukipenda kitu kilichobebwa, unarithi deni kwa waliokibeba. Deni hilo kwa wale wa 1916 siwezi kulilipa kwa majina, kwa sababu mengi hayakuandikwa. Naweza kulilipa kwa sentensi. Siku hizi nikisimulia naanza hivi: "Mwaka 1916 watu wengi, baadhi wakipenda na wengi wakilazimishwa, walivusha ndege nne hadi Ziwa Tanganyika na jeshi hadi Tabora, na wawili kati yao waliruka wakaipiga Kigoma." Ni ndefu, na watoto wa ndugu zangu wanapiga miayo kabla sijafika kwenye mzinga wa mbao. Sawa tu. Wakimaliza kupiga miayo wanauliza, "Waliobeba waliitwa nani?" Zamani hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Kwa wale watatu wa Geita niliweza zaidi. Nilimwomba mhariri tuchapishe tena, safari hii kwa majina, umri na vijiji vyao, nikaeleza kwamba duara lilikuwa limefungwa na kwamba haijathibitika nani aliwaita. Familia mbili zilikubali. Ya tatu ilikataa, nikaheshimu. Habari ilitoka ukurasa wa ndani, pembeni ya tangazo la mnada. Wapo waliosema, "Si wezi hao?" Wapo waliojibu, "Wezi wa kulipwa kwa mfuko?" Mabishano yakaendelea siku mbili tatu. Yule mama alinitumia ujumbe wa neno moja la Kisukuma: "Wabeja."

Najua mnachotaka kuniuliza. Mbona hapa sijamtaja? Kwa sababu ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kurekebisha kosa kule nilikolifanyia. Hapa mwanawe ni mfano katika hoja yangu kuhusu ndege, na sijamwuliza mama kama anataka mwanawe awe mfano wa mtu. Kutaja jina ili makala ipendeze nako ni kumbebesha marehemu mzigo. Nikienda Geita mwezi ujao nitamwuliza. Akikataa, mtakuwa mmesoma haya bila jina, na sababu yake mnaijua.

Mpaka leo nikiwa barabarani kati ya Kahama na Geita, nikisikia mlio wa vindege vya migodini, nasimamisha pikipiki na kutazama juu. Ni tabia ya yule mtoto wa mabua, haitaniacha. Kisha natazama pembeni ya barabara, ambako karibu kila mara kuna mtu amebeba kitu kichwani.